Alagna inahitaji wapangaji kuliko wapiga picha

Niseme mapema kabisa, Alagna Valsesia mi naipenda. Ni kijiji cha Italia chini ya mlima Monte Rosa, mita kama 1,190 kutoka usawa wa bahari, na wageni wengi wanakijua kwa ajili ya ski tu, yaani kuteleza kwenye theluji, hasa wale wendawazimu wa kushuka nje ya njia zilizotengenezwa.

Picha zake zimejaa mtandaoni, zile nyumba za mbao zenye roshani na fito kuzunguka pande zote. Ila zile fito sio urembo bana, ni za kuanikia nyasi na nafaka, maana msimu wa jua huko ni mfupi mno, na chini kwenye kuta za mawe familia ilikaa ubavuni mwa ng'ombe, katikati kiambaza cha mbao tu, joto la mifugo ndo likawa hita yao msimu wote wa baridi.

Waliozijenga ni Wawalser, wahamiaji waliotoka Valais, Uswisi ya leo, karne ya 13 huko, wakaja na Kijerumani chao wanachokiita Titsch. Watu wanapenda kusimulia kama vile walikimbilia upweke, wakati wenye ardhi, monasteri zikiwemo, ndo walitaka nyanda za juu zilimwe, na nani apande huko kuganda bure? Wakawapa masharti ya maana, ardhi ya kurithisha watoto na uhuru ambao wakulima wengi wa bondeni walikuwa wanausikia tu.

Sasa mbona leo hatufanyi hivo hivo?

Sipingi utalii, asili yake iko hapo hapo, paroko wao Giovanni Gnifetti alikuwemo kwenye kundi lililofika Signalkuppe, kilele kimoja cha Monte Rosa, mwaka 1842, na 1893 juu yake pakawekwa Capanna Margherita, kibanda cha wapanda milima, mita 4,554, malkia wa Italia mwenyewe kapanda kuiona. Kebo nazo, vile vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya, ziwepo, zinakufikisha juu kwenye pito la Passo dei Salati unashukia bonde la Gressoney, kwa Wawalser wengine.

Kinachoniudhi ni nyumba za wikiendi. Mtu wa mjini ananunua, anakarabati vizuri tu, afu madirisha yanafungwa sehemu kubwa ya mwaka, na kijana wa hapo akiuliza bei anaishia kuhamia bondeni. Titsch inalindwa na sheria namba 482 ya 1999, sawa, lakini itaongewa na nani kama wazee ndo wanabaki nayo na watoto wanakulia kwingine?

Mi ningeanza na mikataba mirefu ya kupanga, ya kurithisha kama ile ya zamani, kwa yeyote atakayekaa miezi yote 12 ya mwaka, na hela kidogo ya kila tiketi ya kebo isaidie kodi ya pango. Mwenye nyumba ya wikiendi asiyetaka kumpangisha mwalimu, nesi au hata kijana anayeendesha hiyo kebo, basi alipe kodi ya jengo mara mbili.