Winchi Mnayo, Bafu Hamna

Jamaa mmoja mwenye Land Cruiser iliyofungwa kila kinachofungika alimjibu shemeji yake mbele ya watu, kambini Engaresero, kando ya Ziwa Natron, chini ya mlima Lengai: "Shemeji, huku porini bwana, si hotelini. Jifute na vile vitambaa vya watoto, keshokutwa tuko Arusha." Swali la shemeji mtu lilikuwa dogo tu: ataoga wapi. Watu wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana msumbufu, akaenda kukaa. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya ugali wa watu, lakini hapa ni kwangu, nitasema.

Tuanze na gari lenyewe. Hardtop, ile Cruiser ya bodi la chuma, yenye mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa juu. Mbele winchi, ile mashine ya waya ya kujikwamua kwenye tope, ambayo kwa jinsi ilivyokuwa inang'aa haijawahi kuvuta hata mbuzi. Juu keria, juu ya keria hema la kukunjua, ubavuni turubai la kivuli. Nyuma betri ya pili na friji. Bia zilikuwa baridi hadi meno yanauma. Sasa ndugu yangu, kama una umeme wa kupoza bia pale Natron, ambako jua la mchana linapita nyuzi joto 40, unanielezaje kwamba porini ni porini? Porini kwa nani? Kwa bia si porini?

Na wote mnajua ile barabara. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Natron, vumbi linaingia hadi mahali ambapo hukujua una ngozi. Waliopanda Lengai usiku ndio usiseme. Mlima una mita 2,962, unapandwa gizani na kushukwa jua likiwa limeshaamka, na njia nzima ni majivu yanayoteleza. Volkano ile inatoa lava ya magadi, kitu ambacho hakuna volkano nyingine hai duniani inayokitoa, kwa hiyo usidhani umepakwa vumbi la kawaida. Lichanganye na jasho uone ngozi inavyowasha. Halafu uambiwe kitambaa cha kupangusia mtoto. Kimoja kinaishia shingoni. Na usitupie jicho ziwa: maji ya Natron ni makali kwa magadi, ukijimwagia machoni utajuta.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata wale wanaojifanya wameshughulikia suala la bafu wameanzia mwisho. Utasikia: nina pampu, nina shawa ya kuchaji kwa USB, nina mfuko mweusi wa jua wa lita 20. Hongera. Nikikuuliza mtu anasimama wapi akiwa uchi, unanionyesha upande wa pili wa gari. Upande wa pili wa gari ni uwanja, baba. Una mchungaji na mbuzi zake, una kambi ya jirani, una watoto waliokuja kuangalia wageni. Wewe unaweza kujimwagia maji pale na bukta yako ukiimba. Mama mkwe wako je?

Bafu la safari ni pazia na sakafu. Maji yanakuja baadaye, tena ndiyo sehemu rahisi. Bibi zetu walijua hili. Bafu la uani kule pwani lilikuwa na kuta za makuti, mawe bapa chini, kokoto pembeni, mfereji mdogo wa kupitisha maji, na anga juu. Bomba halikuwepo. Kulikuwa na ndoo, kata, na uhakika kwamba hakuna mtu atakayekuona. Mtu alikuwa anaoga pale akatoka binadamu kamili. Ukimwondolea makuti ukampa pampu ya umeme, umemfanyia nini?

Pazia basi. Mwenye hardtop hana kisingizio, kwa sababu milango yake ya nyuma inafunguka pande mbili na kukupa kuta mbili za bure. Ifungue hadi isimame sambamba, ifunge kwa kamba kila mmoja isipigwe na upepo ikamgonga mtu kisogoni, laza fimbo imara au bomba jembamba la chuma kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ning'iniza turubai mbele. Bampa linakuwa rafu ya sabuni. Mwenye gari la mlango mmoja wa kunyanyua juu atumie turubai la ubavuni: nguzo mbili na kamba, kitambaa pande tatu, upande wa nne ni gari lenyewe. Na kitambaa kiwe kizito, cha rangi ya giza. Najua kila mtu anakimbilia khanga. Khanga ina kazi elfu moja na hii si mojawapo: ikilowa inaonyesha, na upepo ukija inamganda mwogaji mwili mzima. Pale Natron upepo wa jioni ukianza ni upepo kweli. Kwa hiyo pindo la chini lifungwe mawe, au shona mfuko mrefu chini ujaze mchanga mkifika. Fundi cherehani wa mtaani anafanya kazi hiyo ukiwa umekaa unamsubiri.

Chini pia. Mtu anaoga nusu saa nzima ya starehe halafu miguu inatoka na tope hadi kwenye kifundo, kwa hiyo ameoga ili achafuke upya. Tafuta chaga. Zile zile za kitanda, mbao nyembamba. Zipigilie kwenye mikanda miwili ya tairi la ndani la gari ziweze kukunjwa kama mkeka. Chini yake mwaga kokoto kidogo kama zipo. Sehemu iwe na mteremko unaopeleka maji mbali na mahema, na usiiweke juu ya njia ya mchwa au siafu. Utacheka sasa hivi. Siku ya siafu hutacheka.

Taa. Hapa nimeona maajabu. Watu wametengeneza pazia zuri, wameweka taa ndani, nyuma ya mwogaji, halafu wote waliokaa kwenye moto wakapata sinema ya bure, kivuli kikijipaka sabuni. Hakuna aliyesema kitu, maana utasemaje? Tundika taa juu kabisa ya kichwa ielekee chini, au bora zaidi ogeni saa 11 jioni, jua likiwa bado lina huruma na mbu hawajaamka. Ndani ya hifadhi hili halina mjadala. Zile kambi maalumu za hifadhi hazina choo wala bomba, unaingia na maji yako, na baada ya giza wenyeji wana ratiba zao. Usiache ndoo ya maji wazi nje usiku. Pale kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, tembo huja wenyewe hadi kwenye tangi la maji la kambi, na hawaulizi nani alitangulia.

Sasa niseme lile ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Mwanamke anapouliza ataoga wapi, mara nyingi hajauliza kwa sababu ya deko. Anaweza kuwa yuko kwenye siku zake, kwenye joto lile, kwenye gari linalorusha watu tangu asubuhi, na hataki kukutangazia. Anaweza kuwa ana mtoto wa kunyonyesha. Anaweza kuwa anataka kuoga janaba apate kuswali alfajiri, na najua kuna mjuaji atasema atayamamu. Tayamamu ni ya mtu aliyekosa maji, bwana, si ya mtu ambaye shemeji yake amejaza keria madumu ya dizeli ya akiba na kreti tatu za soda. Halafu tunakaa tukilalamika kwamba wanawake wa Kibongo hawapendi kambi, wanapenda hoteli. Hawapendi kambi zenu. Wapo wengi wangelala nje mwezi mzima kama wangekuwa na mita moja ya mraba isiyo na macho ya mtu. Mnatoa gharama ya kujikwamua kwenye tope ambalo mnakutana nalo mara moja kwa masika, na hamtoi turubai kwa jambo ambalo kila mtu kwenye gari analihitaji kila siku. Hilo kwangu si ukakamavu wa porini. Ni kutofikiria watu.

Haya, maji. Kwa ndoo na kata mtu mzima anaoga akatakata kwa lita 5 au 6, mwenye nywele nyingi mwongeze. Dumu la lita 20 lina kilo 20, kwa hiyo usinijie na hoja ya uzito wakati friji yako na mzigo wake inazidi hapo. Dumu juu ya keria na mpira unaoshuka? Unapendeza kwenye picha. Mita 10 za kimo ndizo zinazokupa msukumo wa ba 1 ("bar", kipimo cha msukumo), na gari lako lina mita 2, na kichwa chako kimeshachukua karibu zote. Yatachuruzika. Kwa kata ungeshamaliza.

Pampu ndogo ya kuzamisha ndani ya ndoo, ile ya volti 12, nakiri ina raha yake. Inakuachia mikono yote miwili, na kwa mwenye kuosha mtoto mtundu au rasta ndefu hiyo si anasa. Lakini ikitoa lita 3 kwa dakika, dumu zima linakwisha kabla ya dakika 7, na watu wa mjini hawajui kufunga koki wakati wa kujipaka sabuni. Weka koki au swichi karibu na mkono, au uandae ugomvi.

Maji ya moto hayahitaji injini. Lita 3 zilizochemka ukizichanganya na lita 10 za nyuzi 22, unapata lita 13 za kama nyuzi 40, yaani watu wawili wameoga vizuri kwa birika moja kubwa. Kwenye ukingo wa Ngorongoro ambako baridi inakata na maji yanachemka kabla ya kufika 100, ongeza ya moto hadi karibu nusu ya yale ya baridi. Wapo wanaounganisha kipasha-maji kwenye mipira ya hita ya injini. Inafanya kazi, maji ya rejeta yanafika nyuzi 80 na zaidi, lakini kumkatia fundi wa pembeni mwa barabara mfumo wa kupoza injini ili wewe uoge kilomita 100 kutoka gereji ni ujasiri ambao sina. Hita ya gesi ni sawa, ila ikae nje kwenye hewa, kamwe isiingie ndani ya hema. Ule moshi usioonekana wala kunuka unaua.

Lile bomba jeusi la PVC juu ya keria, ambalo kila mtu sasa anataka kutengenezewa: la inchi 4 lenye urefu wa mita 2 linabeba lita 16 hivi, na jua la mchana linalipasha bila kukudai shilingi. Zuri sana. Ila acheni kulipampu kwa kompresa ya matairi. Bomba la maji taka halikutengenezwa kubana hewa, na plastiki ile ikishindwa haitoboki, inapasuka vipande. Tumieni maji yaliyomo, mpira mrefu na subira.

Kuhusu mito, nitakuwa mfupi kwa sababu nitakasirika. Pale Engaresero mto unaotoka kwenye maporomoko ndio huo huo unaoteremka hadi kwenye boma na ng'ombe za watu, na nimeona wageni na wenyeji wa mjini wakijipaka sabuni katikati yake huku wanapigana picha. Chota, sogea hatua za kutosha, mita 60 ndizo zinazoshauriwa, oga huko, maji yaingie ardhini. Kuandikiwa kwenye chupa kwamba sabuni inaoza hakuifanyi iwe maji ya kunywa. Na kama mnajaza madumu kwenye bomba la kijiji, kuna foleni ya akina mama na punda. Ulizeni, lipeni, ngojeni zamu. Wale wa kambi za Ziwa Victoria, maji ya kando ya ziwa yana kichocho: yachemsheni, au yakae kwenye dumu zaidi ya siku mbili kabla ya kuogea.

Mwisho ni zamu, maana hapo nako kuna ubabe. Watoto kwanza kabla jua halijapoa. Kisha akina mama, bila mtu kupiga honi. Kisha mpishi, kwa sababu tunakula mkononi mwake. Dereva aliyelala chini ya gari akifunga springi aoge wa mwisho, kwa sababu atachafua chaga. Yeye ndiye atakayeiosha, na akimaliza akunje turubai.