Beregond, Askari Aliyeacha Lindo

Mashabiki wa The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, wakianza kubishana nani shujaa wa kweli, majina ni yaleyale: Sam, Aragorn, Frodo, siku nyingine Éowyn. Mimi humtaja Beregond, na wengi huuliza, "Huyo naye ni nani?" Walioishia kwenye filamu ya 2003 siwalaumu, maana humo hayumo kabisa.

Beregond ni askari wa kawaida wa Kikosi cha Tatu, walinzi wa ngome ya Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor. Hana damu ya kifalme wala upanga wenye jina. Ana mtoto wa miaka 10, Bergil, na kwa kamanda wake Faramir haambiwi kitu. Tunapokutana naye mara ya kwanza anapiga soga na Pippin, hobiti (mmoja wa watu wafupi) aliye mgeni mjini, na kumpeleka penye chakula. Ungedhani ni mpita njia.

Kisha Denethor, mtawala wa mji, anarukwa na akili na kuamua kujichoma moto pamoja na mwanawe Faramir, aliye hoi kitandani. Pippin anatoka mbio kumtafuta mchawi Gandalf, na njiani anamdokezea Beregond. Hapa ndipo ninapompendea. Sheria ya kale ya Gondor haina mzaha: kuacha lindo bila ruhusa, kifo, kumwaga damu kwenye makaburi ya wakuu, kifo vilevile. Beregond anajibu kama askari yeyote, kwamba haruhusiwi kuondoka. Pippin anamwambia basi achague, amri au uhai wa Faramir, halafu huyo, kashika njia yake. Tolkien hatuonyeshi Beregond akiamua. Tunachokuta baadaye ni mlinda mlango kalala maiti, watumishi wawili chini, na Beregond peke yake kaziba mlango kwa upanga huku wenzao wakimwita msaliti.

Filamu imempa Gandalf na Pippin kazi yote. Naelewa, muda ni mfupi na wahusika ni tele. Ila hasara yake ni kubwa. Kitabuni, Gandalf na hekima yake yote angekuta majivu. Aliyemnunulia zile dakika chache ni mtu asiye na uchawi wowote, aliyekuwa na kila sababu ya kubaki alipowekwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tena hakutoroka. Alikwenda vitani hadi Lango Jeusi, lango la nchi ya adui, akaangushwa na jitu ambalo Pippin alilichoma upanga kabla halijammaliza. Vita vikaisha, akasimama mbele ya Aragorn, mfalme mpya, kuhukumiwa. Mfalme anamsamehe kifo, kisha anamwambia lazima aondoke katika ulinzi wa ngome na katika mji wenyewe. Uso unampauka. Ndipo anaelezwa sababu: yeye sasa ni kapteni wa walinzi wa Faramir, makao yake vilima vya Emyn Arnen, nje ya mji. Hukumu tamu, lakini nadhani Aragorn angeweza kutanguliza hiyo sehemu ya pili!

Kinachonikera ni kimoja tu. Yule mlinda mlango naye alikuwa anatii amri ya bwana wake, kama Beregond alivyotii hadi dakika ile. Ameuawa na mtu wa upande wake, na Tolkien, aliyegawa majina hadi kwa farasi, hakumpa hata jina.