Msumeno au Rola: Mvutano wa Zamani Katika Kuchambua Pamba

Katika pamba mbegu iliyotoka shambani, takribani theluthi mbili za uzito ni mbegu, na nyuzi ni theluthi moja au zaidi kidogo. Kuna mashine za aina mbili za kuzitenganisha, na watetezi wa kila aina bado hawajapatana.

Mashine ya misumeno inatokana na ile ambayo Eli Whitney aliipatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) nchini Marekani mwaka 1794. Meno yake huzinasa nyuzi na kuzivuta kati ya mbavu za chuma zilizokaribiana kiasi kwamba mbegu haipenyi. Mashine ya rola, ambayo Fones McCarthy aliipatia hataza mwaka 1840, hufanya kazi kwa upole zaidi: nyuzi hushikwa na rola yenye ngozi na kupitishwa chini ya kisu kilichotulia, huku chuma kingine kikiipigapiga mbegu mpaka iachie.

Sifa kuu ya msumeno ni kasi, na sifa hiyo si ndogo. Sehemu kubwa ya pamba duniani ni ya nyuzi za urefu wa kati, ambayo mavuno yake huja kwa wingi ndani ya majuma machache na hayawezi kusubiri.

Gharama ya msumeno huonekana mbali na kinu cha kuchambulia pamba. Meno hukata baadhi ya nyuzi na kuzisokota nyingine kuwa vifundo vidogo. Nyuzi fupi hudhoofisha uzi, hivyo kiwanda kinachotaka kitambaa laini hulazimika kuzichana na kuzitoa kama taka, ilhali vifundo vya nyuzi changa havishiki rangi vizuri na hubaki kama madoa hafifu juu ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Ndiyo maana pamba ya nyuzi ndefu sana, kama Pima, kwa kawaida huchambuliwa kwa rola.

Hata hivyo, watetezi wa rola huzidisha sifa zake. Pamba yake hutoka ikiwa na mwonekano wa mabonge yasiyo laini, na mnunuzi anayepima kwa macho huweza kuishusha daraja bila haki. Tena, lawama nyingi zinazotupiwa msumeno naona zinastahili kwenda kwa waendeshaji: pamba iliyokaushwa mno kabla ya kuchambuliwa hukatika ovyo, wakati ile yenye unyevu wa asilimia 6 hadi 7 huvumilia meno vizuri zaidi, na kila mara pamba iliyochambuliwa inapopitishwa tena kwenye mashine ya kusafisha hung'aa zaidi huku nyuzi zake zikizidi kufupika.

Kwa maoni yangu, swali la mashine gani ni bora limetangulizwa mbele ya swali la malipo. Mwenye kinu anayelipwa kwa uzito na weupe hana sababu ya kupunguza mwendo, kwa kuwa hasara ya nyuzi zilizokatika inamwangukia msokotaji. Pale ambapo kila robota, yaani mzigo wa pamba iliyoshindiliwa, linapimwa kwa vifaa, urefu na kiasi cha nyuzi fupi vikaingia katika bei, msumeno ulioendeshwa kwa uangalifu unatosha kwa pamba ya kawaida, na rola inastahili kubakizwa kwa nyuzi ndefu ambazo bei yake inaweza kuubeba mwendo wake wa polepole.