Ayubu hakunyamaza

Nikimsikia mtu akimwambia mfiwa "kuwa na saburi kama Ayubu," hutamani kumuuliza kitabu hicho amekisoma hadi sura ya ngapi. Kina sura 42. Yule Ayubu mpole anayehubiriwa Jumapili yumo katika zile mbili za mwanzo. Ukifika ya tatu tu, anailaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo ni kulalamika na kubishana. Mwishoni hasira ya Mungu inawaka juu ya rafiki zake waliokuja na mahubiri, na Ayubu ndiye anayeambiwa amenena yaliyo sawa.

Nami niliwahi kudhani saburi ni kukaa kimya. Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa, hoteli niliyokuwa napika hapa Malindi ilifunga geti. Mji huu umewazoea Waitaliano hata mtoto anayeuza vinyago ufukweni huitaja bei kwa Kiitaliano, kwa hiyo walipokosekana wao, tulikosa sote. Tukaambiwa tungoje simu. Nikangoja. Hata chooni nilikwenda na simu mkononi. Makanisa nayo yamefungwa, nasali sebuleni, na sala yangu ni hiyo hiyo kila siku: simu ilie. Nikaiita imani. Mke wangu, aliyekuwa akikopa unga dukani, nadhani alikuwa na jina jingine la kuiita, ila alinisitiri.

Jirani yetu ni mvuvi, mzee wa Kiislamu. Kusi ilikuwa imeshika, bahari imechafuka, mashua yake ameipandisha mchangani. Siku moja nikamkuta amechuchumaa ubavuni mwake anatia kalafati. Anausokota uzi wa pamba, anauchovya mafuta, anaushindilia kati ya mbao mbili kwa patasi butu, anagonga taratibu, kisha anapitisha ukucha kusikia kama pamesalia mwanya. Mshono mmoja ulimchukua asubuhi nzima.

"Mzee, si ungengoja kusi ipungue?"

Akacheka. "Mwanangu, ikipungua ni siku ya kutia chombo majini. Kalafati nitatia lini?"

Niliondoka nimeona haya, tena mbele ya mtu ambaye hata Biblia hasomi.

Mtakatifu Fransisko Xavier, yule mmisionari, alipita hapa Malindi mwaka 1542 akielekea India, akamzika mtu aliyefia safarini. Katika habari zake husimuliwa zaidi ubatizo wa maelfu. Mimi hunishika kile kipande kinachorukwa. Alitoka Lisbon Aprili 1541, na meli yao ikalazimika kukaa Msumbiji miezi kadhaa ikingoja majira ya upepo. Miezi hiyo aliwauguza wagonjwa mpaka mwenyewe akaugua. Goa alifika Mei 1542. Upepo haukuja haraka kwa sababu yake, na sijui kama aliuombea uje.

Najua mtu atauliza: na mama aliyekaa kando ya kitanda cha mwanawe hospitalini, kalafati yake ni ipi? Sina jibu, na nikiwa nalo nisingethubutu kumpelekea. Ningempelekea chupa ya chai, nikakaa. Wale rafiki za Ayubu walifanya jambo jema kweli siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo. Jumuiya yetu ilipokuja kwangu mwaka ule, wengi walikuja na "subira yavuta heri," na mama mmoja akaja na kilo nne za unga. Maneno ya wale wengine siyakumbuki hata moja.

Simu haikulia. Siku hizi mimi na mke wangu tunapika mahamri na mbaazi, tunaamka saa tisa usiku, na karo bado tunailipa vipande vipande. Mzigo wa kwanza naupeleka kwa baiskeli kabla jua halijatoka, na njia yangu inapita mbele ya hoteli ile. Kufuli la geti limeshika kutu. Hapo ndipo huanza Zaburi ya 13, ambamo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Nikifika kwa mteja wa kwanza huwa nimeuliza zaidi ya nne.