Fimbo ya Mwanzi Haihitaji Kung'arishwa

Mtu akipata fimbo ya zamani ya kuvulia samaki kwa nzi bandia (chambo cha manyoya na uzi kinachoigiza mdudu), ile ya mwanzi, swali lake la kwanza huwa: nianze na msasa namba ngapi? Jibu langu halijawahi kumfurahisha yeyote. Msasa hauna kazi hapo. Sehemu kubwa ya kazi inayoitwa kufufua fimbo ni kuiua polepole huku ukiipaka mafuta ya kung'aa.

Sababu iko ndani ya mwanzi wenyewe. Fimbo hizi si mwanzi mzima kama upondo. Fundi hupasua mwanzi wa Tonkin, unaoota Guangdong kusini mwa China, akaranda vipande vyembamba vya pembetatu, kisha akavigundisha sita pamoja vikawa ufito mmoja wenye pande sita. Kwa ufundi huo wa vipande sita, fundi Hiram Leonard wa Maine alijijengea jina Marekani katika miaka ya 1870, na kampuni ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, ikauza fimbo zake za Palakona kila pembe ya himaya. Sasa chukua kipande cha mwanzi huo ukitazame mwishoni kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vyeusi vya nyuzinyuzi vimesongamana karibu na ganda, na kadiri unavyoingia ndani vinatawanyika, hadi kinachobaki ni nyama laini isiyo na nguvu. Ndiyo maana fundi huranda upande wa ndani, ule wa nje akauacha karibu kama ulivyoota. Ukija na msasa unaanza kula pale pale penye nguvu. Na nchani, ambako ufito mzima una unene wa kama milimita 2, huna cha kupunguza.

Kwetu Kenya fimbo hizi zilikuja na walowezi. Samaki aina ya trauti hawakuwepo katika mito ya milima ya Aberdare hadi mlowezi Ewart Grogan alipowaleta mto Gura mwaka 1905, na kwa miongo mingi uvuvi huo ulikuwa starehe ya wachache. Wapo wanaoniuliza kwa nini nahangaika na mabaki ya mkoloni. Nawajibu kwamba samaki wamebaki, mito ni yetu, na nzi bandia wanaofungwa na mafundi wa Kenya wanauzwa Ulaya na Marekani. Sioni kwa nini fimbo peke yake ndiyo iachwe ioze darini.

Zilifika darini kwa sababu inayoeleweka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja fimbo za fibaglasi, nafuu na zisizohitaji matunzo. Mwaka 1950 Marekani ikapiga marufuku bidhaa za China, mwanzi wa Tonkin ukaadimika, na viwanda vingi vikaachana nao. Kwa hiyo fimbo unayoikuta leo mara nyingi ni ya kabla ya hapo, na gundi yake huenda ni ile ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo haipendi maji wala moto. Usiiloweke, usiielekezee mashine ya hewa moto, na dawa ya kuondolea rangi iache dukani. Hupenya kwenye maungio na hujui itaishia wapi.

Basi nini kifanyike? Anza na kitambaa laini chenye unyevu kidogo na sabuni kidogo, futa, kausha papo hapo. Utashangaa ni kiasi gani cha "vanishi iliyoharibika" kilikuwa moshi wa jikoni na vumbi. Mahali vanishi ilipobanduka kweli, kwangua magamba yaliyolegea kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Vanishi kuukuu ni kavu, hutoka yenyewe, na plastiki haiwezi kuuumiza mwanzi. Kisha paka vanishi ya mafuta, ile ya mashua, kwa tabaka jembamba sana. Kopo likae kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili vanishi itiririke vizuri. Msimu wa masika katika nyanda za juu usijaribu kabisa. Itabaki inanata siku nyingi na kila mbu atakuja kujizika humo.

Maandishi ya wino juu ya mpini, jina la kiwanda na namba, usiyaguse hata kwa ukucha. Yanalindwa na vanishi ile ile unayotamani kuiondoa, na yakifutika una ufito usio na jina.

Kazi ninayoipenda ni kufunga upya uzi wa hariri unaoshika pete za kupitishia mshipi. Miguu ya pete hupigwa tupa mpaka iwe myembamba kama ukingo wa kisu, ili uzi upande juu yake bila kuruka. Unauvusha uzi juu yake wenyewe, unauzungusha mara tano au sita, unakata mkia, unaendelea ukiusukuma kwa ukucha kila mzunguko ukaribiane na mwenzake. Karibu na mwisho unalaza kitanzi cha uzi mwingine, unazungusha juu yake, unapitisha ncha ndani ya kitanzi na kukivuta. Ncha inazama chini ya mizunguko, hakuna fundo. Halafu vanishi. Hariri ya rangi ya krimu ikilowa hutoweka kabisa, unaona mwanzi na miguu ya pete chini yake. Nyekundu hugeuka damu ya mzee. Anayetaka rangi ibaki kama ilivyo dukani lazima apake kwanza kinga ya rangi, lakini mimi naona hiyo ni kuinyima hariri raha yake.

Fimbo nyingi za Kiingereza za zamani zina vifungo vidogo vya uzi kila baada ya sentimita chache, urefu mzima. Watu huviondoa wakidhani ni mapambo. Viliwekwa kwa sababu mafundi hawakuiamini gundi yao, na mpaka mtu anihakikishie kwamba gundi hiyo imeimarika kwa uzee, nitaviacha.

Kuhusu kiungio cha metali kinachounganisha vipande vya fimbo, dume na jike, nina neno moja: koleo ni marufuku. Kikigoma kuachana, chuchumaa, pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika pande zote mbili za kiungio mikono ikiwa nje ya magoti, kisha panua magoti taratibu. Nguvu inakwenda moja kwa moja, hakuna kupinda wala kuzungusha. Kikishatoka, pamba yenye spiriti kidogo kwenye dume inatosha.

Wauzaji mnadani watakuambia inayong'aa ndiyo yenye bei. Mimi nikiona fimbo ya miaka ya 1930 inawaka kuanzia mpini hadi nchani, naomba kwanza kupima unene wa ncha. Muuzaji akianza kunihadithia jinsi alivyoisugua ikalainika, namrudishia fimbo yake.