Hesabu ziwekeni kwenye skripti, visanduku vibaki na njia

Vijana wengi ninaokutana nao hapa Arusha wameingia kwenye uandishi wa programu kupitia Node-RED, zana ya kutengeneza programu kwa kuchora. Unaburuta kisanduku, unavuta waya, unabofya, na kihisi cha joto kwenye kitalu nyumba kule Tengeru kinaanza kuleta namba. Hilo sina ugomvi nalo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mtu anayetaka kila kitu kiwe kisanduku. Juzi nimeonyeshwa mchoro wa kutafuta wastani wa unyevu wa udongo kwa saa 24, kutupa namba za ajabu, kisha kuamua kama maji yafunguliwe. Nyaya zimepishana hadi mwenye mchoro anazifuata kwa kidole kwenye kioo. Skripti fupi, yaani faili la maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya Python, ingemaliza kazi hiyo, na wiki ijayo angeisoma akaielewa.

Tena Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013, ina kisanduku cha exec kwa kazi hii hii ya kuita skripti iliyo nje ya mchoro. Wenye LabVIEW, zana nyingine ya kuprogramu kwa michoro, nao wana System Exec, na tangu toleo la 2018 wana kisanduku cha Python kabisa. Kwa hiyo kuita skripti ya nje si ujanja wa kukwepa mchoro, kama wengine wanavyonung'unika.

Kinachowakatisha watu tamaa ni kwamba skripti inayokwenda vizuri kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inanyamaza ikiitwa na exec. Mara nyingi tatizo ni njia ya faili, yaani anwani yake ndani ya kompyuta: Node-RED haianzii kwenye folda uliyosimama wewe, basi andika njia nzima, ya skripti na ya Python yenyewe. Halafu kuna ucheleweshaji. Exec kwa kawaida husubiri skripti imalize ndipo itoe majibu yote kwa mkupuo. Skripti isiyoisha, ya kusoma kihisi mfululizo, inahitaji hali ya spawn, inayotoa majibu kadiri yanavyokuja. Na hata hapo Python hulimbikiza maandishi yake ikiona haiongei na terminali. Iite kwa python3 -u, utaona namba zinamiminika.

Exec ina matundu matatu ya kutolea: majibu, makosa, na namba ya kumalizia, ambapo 0 maana yake salama. Karibu kila mchoro ninaoletewa umeunganishwa tundu la kwanza tu, halafu mtu ananiuliza kwa nini haoni kosa. Ataliona wapi?

Jambo moja silifanyii mzaha. Exec inaweza kubandika ujumbe unaoingia mwishoni mwa amri. Ujumbe huo ukitoka kwenye simu ya mtu, mwenye nia mbaya akiweka nukta mkato na amri yake mbele, kompyuta itaitekeleza nayo. Msimamizi wa shamba Usa River anatuma 15, akimaanisha dakika za maji: hakiki kwanza kwamba ni namba tupu, na isipokuwa namba, itupe kabla haijafika exec.