Kabla hujanunua taa nyingine, pima uliyonayo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi Doha, na kufuga matumbawe kwenye tangi nyumbani, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Matumbawe yangu yanapauka. Taa ni ya wati 200 na bado haitoshi. Ninunue ipi yenye nguvu zaidi?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwomba asinunue kitu chochote. Apunguze taa hadi nusu, aipandishe shibiri moja, asubiri wiki tatu. Alikaa kimya siku nzima. Namwelewa. Mtu anaona mgonjwa wake anadhoofika kwa njaa, halafu anaambiwa ampunguzie chakula.

Mimi nafuga matumbawe hapa Rotterdam, kwenye tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 hivi. Nimezaliwa Unguja, na mwamba wa kwanza nilioutazama kwa miwani ya kuzamia ulikuwa wa Chumbe, upande wa magharibi wa kisiwa, siku tulipopelekwa na shule kwa mashua. Kilichonikaa akilini ni mistari ya mwanga ikicheza juu ya mchanga, na matumbawe ya kahawia, ya kijivu, ya kijani, mengine yana ncha za zambarau ukiyasogelea. Hakuna hata moja lililong'aa kama taa za harusi. Hilo nalirudia sana kwa wanaoanza, kwa sababu taa nyingi za LED zinanunuliwa kwa kutazama picha zinazong'aa hivyo.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake wanaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga ukipungua, tumbawe huongeza vimwani ili lisikose, na rangi yake hugeuka kahawia. Mwanga ukizidi, mambo huharibika upande wa pili: vimwani huzidiwa, huanza kutoa kemikali zinazounguza nyama iliyowahifadhi, na tumbawe huwatema. Unabaki unaona mfupa mweupe kupitia nyama iliyo angavu kama kioo. Mwaka 1998 bahari ya pwani yetu ilipopata joto kupita kiasi, ndivyo miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilivyogeuka myeupe. Joto liliwadhoofisha vimwani, jua kali likamalizia.

Kwa hiyo nikisikia "yanapauka", mkono wangu wa kwanza hauendi kwenye taa kubwa zaidi. Nauliza joto la maji. Nauliza naitreti na fosfeti, maana maji yaliyosafishwa mpaka hayana kitu nayo hupausha. Halafu nauliza swali ambalo karibu hakuna anayeweza kulijibu: pale tumbawe lilipo, mwanga unafika kiasi gani?

Wati hazijibu swali hilo. Wati ni umeme unaoingia kwenye taa. Kelvini nazo hazijibu. Taa ya 20,000K inaweza kuwa hafifu na ya 10,000K ikawa ya kuunguza, kwani namba hiyo inaeleza rangi tu. Simu nayo haisaidii. Programu za kupima lux zimetengenezwa kufuata jicho la binadamu, ambalo linaona vizuri zaidi kijani, na chini ya mwanga wa buluu zinasoma kidogo kuliko ukweli. Mtu anaona namba ndogo, anaongeza nguvu, anaunguza.

Kinachohitajika ni kipimo cha PAR, yaani mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, ule unaotumika katika usanisinuru. Unahesabiwa kwa mikromoli kwa mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua la saa sita mchana la nchi za tropiki, pasipo wingu, hukaribia 2,000 juu ya maji. Wengi huisikia namba hiyo na kudhani tangi linapaswa kuikimbilia. Matumbawe mengi hushiba mapema sana kuliko hapo. Ukivuka shibe, kila mwanga unaoongeza ni mzigo. Wafugaji wengi huenda na 50 hadi 150 kwa matumbawe laini na Zoanthus, yale madogo yanayofanana na maua, 80 hadi 150 kwa Euphyllia, yenye mikono mirefu inayopepea, na 200 hadi 350 kwa Acropora, yale magumu yenye matawi. Nimefuga miaka mingi na sijaona sababu ya kuvuka namba hizo katika tangi la nyumbani.

Sikuzijua nilipoondoa mirija yangu ya T5, zile taa ndefu nyembamba za fluorescent, na kuweka LED. Muuzaji aliniambia niwashe kwa asilimia mia, akaniambia matumbawe ni viumbe wa jua. Siku ya nne nilirudi kazini nikakuta Acropora yangu, niliyoikuza kutoka kipandikizi cha ukubwa wa kidole gumba, inabanduka nyama kwenye ncha. Vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu vilikuwa vinaelea kuelekea pampu. Baada ya wiki lilibaki tawi jeupe. Nililihifadhi, liko kwenye rafu mpaka leo.

Baada ya hapo niliazima kipimo cha PAR cha kampuni ya Apogee kutoka kwa mfugaji mwenzangu. Nikakifunga kwenye fimbo, nikazamisha mkono hadi begani, na mke wangu akawa anaandika namba kwenye karatasi. Chini ya katikati ya taa, juu ya mwamba: 520. Sentimita thelathini kushoto, kwa kimo kilekile: 110. Nyuma ya mwamba, mahali nilipoiweka Montipora, tumbawe gumu jingine, kwa kudhani pana mwanga: 40. Tangi moja, taa moja, saa ileile. Niliitazama karatasi ile nikaelewa kwamba muda wote nilikuwa nikilalamikia nguvu ya taa wakati tatizo lilikuwa jinsi mwanga unavyotandazwa.

LED ni nukta ndogo inayowaka kwa ukali. Mrija wa T5 ulikuwa mrefu, umekaa chini ya kiakisi, ukimwaga mwanga kutoka kila upande, na matawi ya Acropora yalipata mwanga hadi chini. Chini ya LED tawi la juu linalitilia kivuli la chini. Tumbawe linavyokua ndivyo linavyojinyima mwenyewe, na baada ya mwaka unakuta shina limekufa huku ncha zinapendeza. Faida moja ya nukta hizo ni ile mistari inayocheza kwenye mchanga. Naipenda mno, inanirudisha Chumbe. Lakini sikubali kuilipia kwa mashina yaliyokufa.

Nilichofanya hakikunigharimu hata bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Nilipandisha taa kutoka sentimita 18 juu ya maji hadi 30. Nikaweka chini yake kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga na kuutawanya, aina ile ya mabango ya dukani. Namba ya katikati ilishuka, za pembeni zikapanda, na kivuli chini ya matawi kikawa laini. Miezi kadhaa baadaye nilipata taa ya pili iliyotumika, ya aina ileile, nikaziweka mbili sambamba, kila moja kwa nusu ya nguvu. Kwa hili nina msimamo mkali: mwenye fedha ya taa moja kubwa atafute mbili ndogo. LED inayoendeshwa kwa mkondo mdogo wa umeme haipati joto sana, hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati, na huishi muda mrefu zaidi. Mbili kwa asilimia 50 zinatoa mwanga mwingi kuliko moja kwa asilimia 100, tena kutoka pande mbili.

Sasa kuhusu rangi, ambako ugomvi ni mwingi. Buluu ni ya lazima. Maji ya bahari humeza nyekundu katika mita chache za kwanza, na kinachofika chini zaidi ni buluu. Mzamiaji akikatwa na jiwe kwenye kina, damu yake huiona kama kijani cheusi. Vimwani wa matumbawe wamezoea mwanga huo na wanautumia vizuri, hasa kati ya nanomita 420 na 480. Ndiyo maana ugunduzi wa LED ya buluu, uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014, umetufaa na sisi. Bila buluu hiyo hizi taa zisingekuwepo, kwani hata LED nyeupe tunayoijua ni ya buluu iliyopakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya mwanga.

Ila buluu tupu naipinga. Nyama za matumbawe mengi zina protini zinazopokea buluu na kurudisha kijani, machungwa au nyekundu. Chini ya buluu tupu kila kitu kinawaka, hata tumbawe lililo hoi. Wauzaji hupiga picha hivyo, wakaweka na kichujio cha rangi ya machungwa mbele ya kamera, na mnunuzi akifika nyumbani anafungua mfuko anaona kipande cha kahawia. Baya zaidi ni kwamba mfugaji mwenyewe hawezi kuona ugonjwa. Minyoo bapa wanaokula Acropora huacha alama ndogo za mviringo zilizofifia. Kwenye mwanga mweupe unaziona ukisogea, kwenye buluu tupu ni rahisi kuzikosa. Mimi naacha nyeupe iwe karibu theluthi moja ya mwanga saa za mchana, na kila siku nikitoka kazini napata saa moja ya kutazama tangi likiwa jeupe vya kutosha kumwona kila mkazi wake alivyo. Wageni wanaokuja kwangu wakiwa wamezoea picha za mtandaoni husema tangi limepooza. Wanaokuja kutoka Pemba au Mafia husema, "Hii kweli ni bahari."

Kuna jambo dogo ambalo nalitaja kila mara. Futa taa. Maji yenye mapovu hurusha vitone, vitone hukauka, na juu ya lenzi hujengeka ukoko mweupe wa chumvi. Unaongezeka polepole kiasi kwamba hutauona mpaka siku ukipitisha kidole. Zima taa, iache ipoe, tumia kitambaa laini kilicholowa maji yasiyo na chumvi. Mara moja nilipima kabla na baada: 165, kisha 205. Feni nayo ipulizwe vumbi, kwa kuwa LED inakufa kwa joto kuliko kwa uzee. Baada ya kufuta vizuri, punguza nguvu kidogo siku hizo za mwanzo, kwa sababu kwa matumbawe ni kama umebadilisha taa.

Hilo la kubadilisha ndilo linaloua wengi. Taa mpya ianze chini, tuseme kwa nguvu itakayokupa nusu ya mwanga wa zamani, halafu uongeze asilimia tano kila wiki. Usiguse programu ya simu kila jioni. Najua kishawishi chake: kuna vitelezi sita au saba vya rangi, na kidole kinawasha. Tumbawe linahitaji wiki kadhaa kurekebisha idadi ya vimwani wake. Ukilibadilishia kila siku mbili linaishi katika kuhama tu.

Saa nazo zina hesabu yake. Mwanga wa 250 kwa saa 8 na mwanga wa 200 kwa saa 10 ni jumla moja, moli 7.2 kwa siku. Mimi nachagua saa nyingi za mwanga mpole: saa kumi, pamoja na saa moja ya kuchomoza na moja ya kuzama. Taa zangu mbili zinakula takriban wati 100 kwa wastani, yaani uniti moja ya umeme kwa siku. Taa za zamani za metal halide za wati 250 zingekula mbili na nusu, zikachemsha maji, ukalazimika kununua na mashine ya kuyapoza.

Usiku zima kabisa. Ule mwanga wa "mbalamwezi" unaouzwa kama kivutio ukiwashwa mpaka asubuhi, sioni unamsaidia nani isipokuwa sisi. Gizani ndipo matumbawe mengi hutoa mikono yao kuwinda. Mengi huhesabu usiku kwa mwezi. Huko baharini aina nyingi hutaga mayai siku chache baada ya mwezi mpevu, kama vile wavuvi wetu wanavyopanga safari zao kwa mwezi huohuo. Mwezi usiopungua wala kuongezeka unawapotosha.

Yule kijana wa Doha ameniandikia tena jana. Taa iko asilimia 45, imepanda hadi sentimita 28 juu ya maji. Joto lilikuwa nyuzi 28.5, akalishusha hadi 26. Euphyllia imeanza kufura asubuhi. Acropora mbili bado nyeupe kwenye ncha, na ya tatu ana shaka nayo. Amempata mtu wa kumwazima kipimo siku ya Ijumaa. Nimemwambia achore ramani ya tangi kwenye karatasi kabla hajazamisha mkono, aandike kila namba mahali pake, na anitumie picha kabla hajasogeza hata jiwe moja.